Kinect na Deni la Ahadi: Nani Alilikaribisha Jicho Sebuleni?

Kila muhula, katika somo langu la siasa na jamii, mimi hutenga kipindi kimoja kwa ajili ya kuijadili ahadi. Wanafunzi huja wakiwa wamejiandaa kuchambua ilani za vyama na hotuba za majukwaani. Huduwaa kidogo ninapozima taa na kuwaonyesha filamu fupi ya kutangaza kifaa cha kuchezea michezo ya video. Muhula uliopita, filamu ilipokwisha na darasa lilipomaliza kushangilia, mwanafunzi mmoja wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi aliyerejea masomoni, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, hicho walichotuonyesha kilikuwa kimeshatengenezwa, au walikuwa wanatuonyesha wanachokitamani?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo ndilo ambalo mamilioni ya wanunuzi hawakuliuliza, na ndilo ambalo wapiga kura nao husahau kuliuliza. Nimeona niliandikie makala haya.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2009. Tarehe 1 Juni mwaka huo, mjini Los Angeles, kampuni ya Microsoft ilitangaza kifaa cha nyongeza kwa ajili ya konsoli yake ya Xbox 360. Wakati huo kiliitwa Project Natal, kwa jina la mji wa Natal ulioko Brazili, nchi alikozaliwa Alex Kipman aliyeiongoza kazi hiyo. Mwongozaji filamu maarufu Steven Spielberg alipanda jukwaani kukipamba. Mwaka mmoja baadaye kikabatizwa jina lililodumu: Kinect.

Ili kuelewa pupa ya tangazo lile yafaa kukumbuka mashindano ya wakati huo. Tangu 2006 kampuni ya Nintendo ilikuwa ikiuza konsoli yake ya Wii kwa mamilioni, kwa hila nyepesi ya kumpa mchezaji kishikizo cha kupunga hewani badala ya pedi yenye vitufe vingi. Bibi na mjukuu wakaweza kucheza pamoja. Microsoft ikaamua kumpita mshindani wake kwa kuahidi kuondoa hata hicho kishikizo. Mwili wako wewe mwenyewe, tuliambiwa, ndio utakaokuwa pedi.

Sifa zilizoahidiwa zilikuwa za kuvutia kweli. Mama, baba na watoto wanasimama mbele ya televisheni, na kila wakiinua mguu, mhusika aliye kwenye kioo anainua wake. Kijana anakionyesha kifaa ubao wake wa kutelezea, kifaa kinaupiga picha, na mara ubao uleule umo ndani ya mchezo. Mtu anaingia sebuleni na mashine inamtambua kwa sura. Mtu anatamka neno na mashine inatii.

Kilele cha yote kilikuwa Milo, mvulana wa ndani ya kioo aliyebuniwa na studio ya Peter Molyneux ya Uingereza. Katika filamu, mwanamke anazungumza na Milo kama anavyozungumza na mtoto wa jirani. Milo anaonekana kuisoma huzuni usoni mwake na kuisikia katika sauti yake. Kisha mwanamke anachora samaki kwenye karatasi, anainama kana kwamba anaikabidhi, na Milo anaipokea akiwa upande wa pili wa kioo. Mtu aliyeitazama filamu ile kwa mara ya kwanza aliondoka akiamini kwamba ukuta kati ya binadamu na mashine umeanguka.

Wahenga walituachia kauli kwamba ahadi ni deni. Tuitazame basi hesabu ya malipo.

Kinect iliingia madukani Marekani tarehe 4 Novemba 2010 kwa bei ya karibu dola 150. Kwa haki kabisa, niseme kwamba uhandisi wake ulikuwa wa kustaajabisha. Taa ndogo hutawanya chumbani vitone vya mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, kamera maalumu husoma jinsi vitone hivyo vinavyosogea vinapokiangukia kiti, ukuta au kifua cha mtu, na kutokana na hapo umbali wa kila kitu hukokotolewa. Msingi wa mbinu hiyo ulitoka kwa kampuni ya Israeli iitwayo PrimeSense. Nao watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, waliifunza kompyuta kwa mifano mingi mno ya miili iliyokaa mikao tofauti, mpaka ikaweza kubashiri kilipo kiwiko na lilipo goti mara 30 kwa sekunde. Andiko lao lilitunukiwa katika mkutano mkubwa wa kisayansi mwaka 2011, na tuzo hiyo waliistahili.

Lakini kilichofika dukani hakikuwa kile kilichooneshwa jukwaani. Mnamo Januari 2010 ilijulikana kwamba kichakata maalumu kilichokusudiwa kuwekwa ndani ya kifaa kimeondolewa, na kazi yake imetwishwa konsoli yenyewe, ambayo tayari ilikuwa na kazi ya kuendesha mchezo. Ramani ya umbali iliyotoka katika kifaa ilikuwa hafifu kiasi kwamba mchezaji aliyesimama mita mbili hakuweza kusomwa vidole vyake vizuri. Mkono ulionekana, lakini ishara ndogo za mkono zilipotea. Mchezaji alipunga, akasubiri kidogo, ndipo mhusika naye akapunga. Kwa michezo ya kucheza dansi ucheleweshaji huo ulivumilika. Kwa mingi mingineyo uliua ladha. Na Milo? Milo hakuwahi kuuzwa. Mvulana aliyewaliza watu Los Angeles hakufika katika sebule yoyote.

Hata hivyo, katika siku 60 za mwanzo viliuzwa vifaa milioni 8, na kitabu cha rekodi za Guinness kikakiandika kuwa kifaa cha elektroniki kilichouzwa kwa kasi kuliko vyote. Hapa ndipo penye somo la kwanza. Fedha zilikusanywa kwa nguvu ya filamu ya 2009, ilhali bidhaa ilikuwa ya 2010. Mnunuzi alilipa kwa ajili ya Milo akapewa dansi. Dansi si jambo baya, lakini hakuna aliyerudi jukwaani kwa kishindo kilekile kutangaza yaliyopunguzwa. Ahadi hutolewa kwa tarumbeta, huondolewa kwa mnong'ono. Msomaji aliyewahi kulinganisha ilani ya uchaguzi na bajeti ya mwaka wa tatu anaijua tabia hiyo.

Somo la pili linahusu mwili na nyumba. Kila mwenye kuahidi huwa na picha ya mtu kichwani mwake, na kifaa hufichua picha hiyo kuliko hotuba. Kinect ilihitaji nafasi tupu ya kiasi cha mita 1.8 mbele ya televisheni kwa mchezaji mmoja, na mita 2.4 kwa wawili. Wakazi wa vyumba vidogo vya miji ya Japani na Ulaya walilalamika tangu mwanzo. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwamo hata katika malalamiko. Vijana wetu wengi waliijua gemu kwenye kibanda cha mtaani: benchi, televisheni, pedi mbili, malipo kwa mechi, na watazamaji wanane waliobanana bega kwa bega wakimzomea anayefungwa. Ningependa kumwona mhandisi aliyebuni sebule ya filamu ile akikiweka kifaa chake ndani ya kibanda hicho, kisha akiombe kitambue ni mwili gani unaocheza.

Hao waliobanana walikuwa angalau wamesimama au wanaweza kusimama. Kifaa kilizinduliwa kikiwa kimezoea mwili uliosimama wima. Njia rasmi ya kuwawezesha watengenezaji wa programu za kompyuta kuufuata mwili ulioketi ilitolewa Mei 2012, mwaka mmoja na nusu baada ya uzinduzi. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ile kauli ya kwamba mwili wako ndio pedi ilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa kwenye tangazo.

Kisha kuna suala la sura. Wiki ileile ya uzinduzi, waandishi wa GameSpot waliripoti kwamba baadhi ya wafanyakazi wao wenye ngozi nyeusi walipata shida ya kutambuliwa sura na kifaa. Shirika la Consumer Reports nalo likafanya majaribio, likasema tatizo ni uhafifu wa taa chumbani wala si rangi ya ngozi, na kwamba ufuatiliaji wa viungo vya mwili uliwahudumia wote sawasawa. Sina sababu ya kuupinga upimaji huo. Ila najiuliza: kamera inayohitaji mwanga zaidi ili imwone mtu mweusi, je, ilijaribiwa na watu wangapi weusi kabla ya kufungwa katika boksi? Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha vipimo vya programu tatu za kutambua jinsia kwa sura, mojawapo ikiwa ya Microsoft. Makosa kwa wanaume weupe hayakufika asilimia 1, na kwa wanawake weusi, katika programu iliyofanya vibaya zaidi, yalikaribia asilimia 35. Swali la 2010 halikuwa la kipuuzi.

Nako kuamrisha kwa sauti kulizinduliwa kwa lugha chache teule. Kiswahili hakikuwamo. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyetaka kutiiwa na mashine ile alilazimika kwanza kubadilisha ulimi.

Somo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo lilikuja 2013. Mwezi Mei mwaka huo Microsoft ilitangaza konsoli mpya, Xbox One, pamoja na Kinect ya pili yenye kamera kali zaidi. Safari hii kifaa hakikuwa cha nyongeza tena. Kiliambatanishwa na konsoli kwa lazima, na ilielezwa kwamba konsoli haitafanya kazi bila hicho. Hata ikiwa imezimwa nusu, maikrofoni zingesikiliza ili zinase neno la kuiwasha. Bei ikawa dola 499, ilhali mshindani wake, PlayStation 4, ilitangazwa kwa dola 399. Kilichokuwa ahadi mwaka 2009 kikawa amri mwaka 2013.

Na amri hiyo ilitolewa katika mwezi mbaya. Tarehe 6 Juni 2013 magazeti ya The Guardian na The Washington Post yalianza kuchapisha siri za mpango wa Marekani uitwao PRISM, zilizotolewa na Edward Snowden. Katika hati hizo Microsoft ilitajwa kuwa kampuni ya kwanza kuingizwa katika mpango huo, mwaka 2007. Kampuni zote zilizotajwa zilikana kuipa serikali njia ya moja kwa moja ya kuingia katika mitambo yao. Lakini mwananchi wa kawaida aliuliza swali jepesi: kama barua pepe yangu haiko salama, kwa nini nifunge kamera na maikrofoni sebuleni kwangu kwa fedha zangu mwenyewe? Peter Schaar, aliyekuwa kamishna wa ulinzi wa taarifa binafsi nchini Ujerumani, alikishambulia kifaa hicho waziwazi kuwa ni chombo cha upelelezi.

Walioona hofu hiyo kuwa ni ushamba wangefaa kuisoma hati ya ombi la hataza la Microsoft lililochapishwa Novemba 2012. Humo umeelezwa utaratibu wa kutumia kamera kuwahesabu watu wanaotazama filamu chumbani, ili leseni ya idadi fulani ya watazamaji ikizidishwa, hatua ichukuliwe. Kuomba hataza si kutekeleza, na utaratibu huo haukuwahi kuwekwa katika konsoli. Lakini hataza ni ahadi ya aina yake pia: ni kile ambacho kampuni hujiahidi yenyewe. Tangazo la hadharani lilituambia jinsi jicho lile litakavyotufurahisha. Karatasi ya mwanasheria ilieleza jinsi linavyoweza kutuhesabu. Na Februari 2014 The Guardian liliripoti kwamba idara ya kijasusi ya Uingereza, GCHQ, katika mpango wake wa kukusanya picha za kamera za mazungumzo ya Yahoo, ilikuwa imeitazama pia Kinect kama chanzo kinachowezekana cha picha.

Nini kilitokea? Watu walikataa. Waliandika, walilalamika, na zaidi ya yote walinunua kwa mshindani. Agosti 2013, kabla konsoli haijaingia sokoni, kampuni ilitangaza kwamba itafanya kazi hata Kinect ikiwa haijachomekwa. Mei 2014 ilitangaza konsoli isiyo na Kinect kwa dola 399, na Juni ikaanza kuiuza. Mwaka 2016 toleo jipya la konsoli lilitoka bila hata tundu la kuchomekea kifaa hicho. Oktoba 2017 utengenezaji wake ukasimamishwa kabisa.

Naliweka tukio hili mbele ya wanafunzi kwa makusudi. Tumezoea kuambiwa kwamba teknolojia ni kama mvua, inanyesha itakavyo na kazi yetu ni kutafuta mwavuli. Si kweli. Kampuni miongoni mwa zile kubwa kuliko zote duniani ilisema jambo haliwezekani kubadilishwa, na ndani ya miezi michache likabadilishwa, kwa sababu watu wenye uwezo wa kununua walisema hapana. Neno zito hapo ni uwezo wa kununua. Xbox One ilipozinduliwa Novemba 2013 ilipelekwa nchi 13, na hakuna hata moja ya Afrika. Hatukuwa na kura katika uamuzi ule. Waliotuokoa na jicho lile walikuwa wanajiokoa wao.

Wapo watakaonijibu kwamba nakuza mambo, kwamba gemu ni gemu. Tena wataongeza kwamba Kinect ilizaa mema mengi. Kwa hili la pili wana haki, na naliunga mkono kwa furaha. Siku ileile ya uzinduzi wa 2010, kampuni ndogo ya Adafruit ilitoa zawadi ya fedha kwa mtu wa kwanza atakayetengeneza programu huria ya kukifungua kifaa hicho kwa matumizi mengine. Microsoft ilikunja uso mwanzoni. Tarehe 10 Novemba Mhispania Héctor Martín alikuwa ameshafaulu. Baada yake wakaja wasanii, watengenezaji wa roboti na madaktari. Hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto wapasuaji walikitumia kugeuza picha za mgonjwa kwa ishara ya mkono hewani, bila kugusa kitu na kuchafua glovu. Juni 2011 Microsoft yenyewe ikatoa vifaa rasmi vya kuwasaidia wabunifu hao.

Angalia, lakini, mema hayo yalivyopatikana. Hayakuwamo katika filamu ya 2009. Yaliletwa na watu waliokataa kukaa katika nafasi ya mtazamaji, wakakifungua kifaa ili wajue kinaona nini na kinafanya nini. Kilichokuwa na manufaa kwa umma kilipatikana pale umma ulipoingiza mkono.

Na kuhusu kwamba gemu ni gemu tu: mwezi uleule wa Novemba 2013, Kinect ya pili ilipokuwa ikitafuta wateja, kampuni ya Apple iliinunua PrimeSense. Mwaka 2017, siku chache tu baada ya Kinect kusimamishwa, iliingia sokoni simu ya iPhone X inayotawanya vitone vya mwanga usioonekana juu ya uso wa mwenye simu ili imtambue. Wazo ni lilelile. Lililokataliwa likiwa limekaa juu ya televisheni lilipokelewa likiwa mfukoni, kwa sababu safari hii lilikuja dogo, likaja na manufaa ya dhahiri, na mtengenezaji alieleza kwamba ramani ya uso hubaki ndani ya simu. Jicho halikufa. Lilihama nyumba, na kwa njia ya simu, televisheni na kamera za mitaani, limefika kwetu pia.

Ndiyo maana jambo hili linatuhusu sasa kuliko lilivyotuhusu 2010. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Tanzania ilitunga ya kwake 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema. Lakini sheria humsaidia anayeuliza, na sisi tuna adabu ya kupita kiasi mbele ya kila kitu kinachong'aa. Mgeni wa mwili tunambishia hodi yake, tunamuuliza atokako na akaacho. Mgeni wa waya tunamkaribisha hadi chumba cha kulala na kubonyeza "nakubali" bila kusoma.

Kwa hiyo nilimjibu yule mwanafunzi wangu hivi. Walikuwa wanatuonyesha wanachokitamani, na si kosa kutamani. Kosa ni la kwetu tunapolipia tamaa ya mwingine kana kwamba ni bidhaa iliyokamilika. Mtu akikuletea orodha ya sifa za kitu kijacho, kiwe kifaa, mradi au serikali, muulize mambo manne. Kipi kati ya haya kinafanya kazi leo, mbele yangu, mikononi mwangu? Mwili wa nani na nyumba ya nani ulivifikiria ulipokibuni? Kinapotutazama, anayetazama ni nani? Na nikikataa leo au nikibadili nia kesho, nitaweza kukichomoa?

Alinisikiliza, akaandika, kisha akasema kwamba atayapeleka maswali hayo kwa watoto wake wa darasa la sita. Nilimwomba asisubiri mpaka wafike kwangu chuoni.